Wanambya wa Hwange na Watawala Wao wa Jadi
(Mada iliyotolewa katika semina ya Kamati za Haki na Amani za Parokia)





Tangu asubuhi ratiba ilipobandikwa ukutani, baadhi yenu mmenifuata mkiuliza: Baba, hawa Wanambya ni akina nani, na wanatuhusu nini sisi watu wa Ruvuma? Swali hilo ni la haki, na ningeshangaa kama lisingeulizwa. Katika semina iliyopita tulizungumza siku nzima juu ya migogoro ya ardhi, na jioni mzee mmoja wa kamati alisimama akauliza: mtu asiye na hati, mwenye kaburi la babu yake tu, atawezaje kuthibitisha kwamba mahali fulani ni kwao? Sikuwa na jibu siku ile. Nimeona badala ya kujibu kwa nadharia niwaletee habari za watu waliokaa na swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Nimechagua watu wa mbali kwa makusudi. Tukianza na kesi za vijiji vyetu, kila mmoja wetu ameshachagua upande kabla ya sala ya kufungua.

Wala si kweli kwamba hawatuhusu. Nitakapofika kwa Zwangendaba mtaona.

Wanambya, ambao majirani zao wengine huwaita Wananzwa, ni watu wa kaskazini-magharibi ya Zimbabwe, katika Wilaya ya Hwange, kati ya Mto Zambezi na mbuga zinazoelekea mpaka wa Botswana. Wengine wao wako ng'ambo ya mpaka huo, maana waliochora mpaka hawakuwauliza. Si kabila kubwa. Lugha yao, Kinambya, ina undugu wa karibu na Kikalanga, na kwa mbali kidogo na Kishona. Nilipokuwa seminari kuu tulisoma historia ya Rhodesia kwa bidii, tukajua Wandebele na Washona, tukajua Lobengula na Cecil Rhodes, tukajua vyama vya ukombozi na majina ya viongozi wake. Wanambya sikumbuki kuwasikia hata katika mstari mmoja. Hata hivyo jina la watawala wao nilikuwa nimelisikia tangu utoto, bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Jina hilo ni Hwange. Wazungu waliliandika Wankie. Leo Hwange ni jina la mji, jina la mgodi wa makaa ya mawe, jina la hifadhi kubwa ya wanyama, jina la kituo cha kufua umeme, na ni jina la jimbo la Kanisa Katoliki. Kwa Wanambya wenyewe, kabla ya hayo yote, Hwange kilikuwa cheo cha mtawala: anayekalia kiti cha enzi huitwa Hwange, kama vile mfalme wa Warozvi alivyoitwa Mambo. (Naona vijana wanacheka. Ndiyo, Mambo. Huko hiyo si salamu ya mitaani. Mambo alikuwa mtu wa kupigiwa magoti.)

Basi tuanze na huyo Mambo.

Mwishoni mwa karne ya 17, katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ilisimama dola ya Warozvi chini ya ukoo wa Changamire. Walikuwa wajenzi wa mawe, warithi wa ustadi ule ule uliojenga Zimbabwe Kuu karne nyingi kabla yao, na katika miaka ya 1690 waliwafukuza Wareno kutoka nyanda hizo. Mji wao mkuu ulikuwa Danamombe. Masimulizi ya Wanambya husema kwamba katika karne ya 18 mwana mmoja wa ukoo huo wa kitawala, kwa jina Sawanga, alitengana na jamaa zake akaondoka na watu wake kuelekea magharibi na kaskazini, mpaka akafika katika nchi ya mabonde makavu kusini ya Zambezi. Huko aliwakuta watu wengine, Watonga, Wadombe na wawindaji Wasan, akajenga utawala juu yao na pamoja nao. Yatupasa tuseme ukweli: Wanambya nao walifika mahali penye wenyeji. Historia ya Afrika haina watu waliochipuka kama uyoga mahali walipo. Kitu ninachotaka tukitazame ni namna utawala ule ulivyokaa na watu, na alama zilizobaki.

Alama zenyewe ni kuta za mawe. Wanambya hutaja makao makuu matatu ya watawala wao wa zamani: Shangano, Mtoa na Bumbusi. Mtawala alijenga, na baada yake makao yakahamia pengine, lakini mahali pa kwanza hapakusahauliwa, kwa sababu wakubwa walizikwa huko. Bumbusi ndipo panapojulikana zaidi. Ni kuta za mawe ya mchanga zilizojengwa kati ya majabali makubwa, na chini ya majabali hayo kuna michoro iliyochongwa katika mwamba na watu wa zamani zaidi, nyayo za wanyama, kwato baada ya kwato. Atakaye kuelewa utawala wa jadi wa Wanambya asianze na kodi wala mahakama. Aanze na kaburi. Mtawala aliye hai hupata nguvu kwa waliolala, na mvua ikikawia watu huenda kwenye makaburi ya watawala pamoja na mrithi wao. Sisemi hapa kama mwalimu wa Katekisimu, maana hiyo ni mada ya siku nyingine. Nasema kama mtu anayetaka mwelewe ni kitu gani kinachopotea watu wanapofungiwa njia ya kwenda makaburini.

Sasa tumefika kwetu.

Katika miaka ya 1830 dola ya Warozvi ilivunjwa. Waliovunja walikuwa makundi ya Wanguni yaliyotoka kusini, yakikimbia vita vilivyozaliwa na kukua kwa dola ya Wazulu. Moja lilikuwa la Zwangendaba. Kundi jingine liliongozwa na mwanamke, Nyamazana, na hilo ndilo linalotajwa kumwua Mambo wa mwisho mwenye nguvu, Chirisamhuru. Zwangendaba aliendelea kaskazini, akavuka Zambezi mwezi Novemba mwaka 1835, siku ambazo jua lilipatwa, akafika hadi Ufipa, na huko alifariki. Wajukuu wa safari ile ni sisi tuliokaa humu ndani. Wazee wetu hutusimulia kuvuka Zambezi kama Waisraeli walivyosimulia Bahari ya Shamu, na ni haki yao. Lakini ng'ambo ya ile simulizi kuna watu ambao kwao sisi tulikuwa ndio jeshi la Farao. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi tangu nilipokaa na Wanambya, na sikupata namna ya kuliondoa katika mada hii ingawa ningependa.

Nyuma ya makundi hayo wakaja Wandebele wa Mzilikazi, nao hawakupita. Walikaa. Kutoka makao yao karibu na Bulawayo ya leo walituma vikosi kila upande kutafuta ng'ombe, vijana na utii. Mtawala wa Wanambya wakati ule, akikaa Bumbusi, alikuwa Hwange Lusumbami. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 askari wa Mzilikazi walimwua. Yako masimulizi kwamba Wandebele walisikia mtu huyu ana mioyo miwili, wakampasua kifua ili kuona. Sina haja ya kujadili kama ndivyo ilivyotendeka. Yatosha kuona watu walivyomkumbuka: adui zake hawakuamini kwamba moyo mmoja unaweza kubeba ukaidi kiasi kile.

Baada ya kifo chake watu walitawanyika. Wengi walivuka Zambezi kwenda kaskazini, wengine walijificha mabondeni, wengine wakalipa kodi kwa Wandebele ili waachwe. Bumbusi ikawa magofu. Kiti cha Hwange hakikufa, kilibebwa na waliokimbia, lakini kilikuwa sasa kiti cha mkimbizi. Wanambya walikuwa wakirudi polepole kusini ya mto, kidogo kidogo, pale Wazungu walipoingia. Mwaka 1893 kampuni ya Rhodes ilimshinda Lobengula, mwana wa Mzilikazi. Mtu angetegemea Wanambya wapumue. Walipumua, kwa muda mfupi sana.

Ndugu wapendwa, katika nchi ile yako mawe meusi yanayowaka. Wenyeji waliyajua. Katikati ya miaka ya 1890 Mjerumani mmoja, Albert Giese, alisikia habari hizo kutoka kwa wenyeji, akaenda, akaona, akasajili haki ya kuchimba katika eneo kubwa. Sheria ya kampuni ilisema kwamba madini yote ya nchi ni mali ya kampuni, naye aliyetaka kuchimba aliomba kwa kampuni. Kiti cha Hwange hakikuombwa chochote. Mwaka 1903 reli kutoka Bulawayo ilifika kwenye makaa, mwaka 1904 ikafika kwenye maporomoko ya Zambezi, na mwaka 1905 daraja likafunguliwa. Makaa ya Wankie yaliendesha treni, yakawasha tanuri za migodi, na yakavuka hata kwenda Katanga kuyeyusha shaba ya Wakongo. Ndugu zetu wa Lubumbashi, mji wao ulikua juu ya moto uliotoka katika ardhi ya Wanambya.

Wenyeji wengi waliukwepa mgodi. Waliona wanaoingia na wanaotoka, wakaona ni heri kuuza nafaka na mifugo kwa wachimbaji kuliko kuwa wachimbaji. Kazi ilifanywa zaidi na vijana kutoka kaskazini, kutoka nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi, wengi wakiwa wameandikishwa kwa mikataba ambayo hawakuielewa. Waligoma mwaka 1912, na wakagoma tena kwa maelfu mwaka 1954, jeshi likaitwa. Tarehe 6 Juni 1972 mlipuko ulitokea katika mgodi wa chini namba 2. Walikufa watu 427. Miili iliyotolewa ni michache tu, kisha shimo likafungwa. Hivyo nchi ya Hwange ina makaburi ya aina mbili yasiyofikika: ya watawala juu ya majabali, na ya wachimbaji chini ya ardhi. Sitasema zaidi juu ya hilo. Naomba kila mmoja awakumbuke katika Misa ya jioni.

Nirudi kwenye utawala.

Serikali ya wakoloni haikuwafuta watawala wa jadi. Ingekuwa rahisi zaidi kueleza kama ingewafuta. Kwa amri ya mwaka 1898 chifu akawa mtu anayeteuliwa na kulipwa na serikali, chini ya Kamishna wa Wenyeji. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1894, na chifu ndiye aliyetakiwa kusaidia ikusanywe. Alitakiwa atoe vijana wa kazi. Alitakiwa atoe taarifa. Yule ambaye nguvu yake ilitoka makaburini sasa nguvu yake ilitoka ofisini, na ofisi ikichukizwa iliweza kumpa kiti mtu mwingine wa ukoo, au kukigawa, au kumshusha chifu awe mkuu mdogo tu. Kisha mwaka 1930 ikaja sheria ya kugawa ardhi kati ya Wazungu na Waafrika, na chifu akajikuta ana watu bila nchi, au ana nchi ya mawe bila maji.

Hapa kwetu, kama mnavyojua, serikali huru iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Wako wanaosikitika na wako wanaoshukuru, nami nawajua wa pande zote mbili katika ukoo wangu. Zimbabwe haikufanya hivyo. Machifu wapo, wametajwa katika Katiba ya mwaka 2013, na katika Wilaya ya Hwange viti vinavyojulikana ni pamoja na Hwange mwenyewe, Nekatambe, Shana, Mvuthu na Nelukoba. Katiba hiyo inasema mambo mawili ambayo ni vigumu kukaa pamoja chumba kimoja. Inasema kiongozi wa jadi asiwe mwanachama wa chama cha siasa, asitende kwa upendeleo wa chama, na asivunje haki za mtu. Ni maneno mazuri, na laiti yangesomwa kila mwaka mbele ya wahusika. Tena inasema uteuzi wa chifu unafanywa na Rais, kufuatana na mila na kwa mapendekezo ya mabaraza ya machifu. Sasa mimi ni padre, najua maana ya kuteuliwa. Anayekuteua anaweza asikuambie neno lolote maisha yako yote, na bado ukamsikia kila unapotaka kusema.

Katika miaka ya 1920 wakoloni walitazama ardhi ya kusini ya reli, wakaona haifai kwa mashamba ya Wazungu: mchanga mwingi, maji machache. Mwaka 1928 wakaifanya hifadhi ya wanyama, na baadaye ikawa Hifadhi ya Taifa. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 14,000, karibu sawa na Serengeti yetu. Vitabu vya watalii hueleza namna visima vilivyochimbwa kwa ajili ya tembo, na kazi ile ilikuwa kweli kubwa. Havielezi sana kwamba waliokuwamo, Wanambya na Wasan, walitakiwa watoke. Bumbusi ikabaki ndani. Mtoa ikabaki ndani.

Mwaka 1946 Bumbusi ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Hebu litazameni jambo hilo kwa makini, maana ndipo swali la yule mzee wetu linapokaa. Serikali ile ile iliyowatoa watu ikasema kwa sheria kwamba kuta zile ni za thamani, zilindwe. Zilindwe dhidi ya nani? Mtawala mpya akitaka kwenda kwa baba zake, ukame ukija na wazee wakitaka kupanda Bumbusi, wanapita katika ardhi ambayo mwenye mamlaka juu yake ni mwingine, na wanahitaji idhini yake. Jiwe likatambuliwa, mwenye jiwe hakutambuliwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Nabothi alipotakiwa na mfalme aliuze shamba lake la mizabibu, hakujibu kwamba bei ni ndogo. Alijibu kwamba ni urithi wa baba zake. Mfalme hakuelewa jibu hilo, akaenda kulala bila kula. Nadhani hata leo ofisi nyingi hazilielewi. Ukisema bei ni ndogo, wana fomu yake. Ukisema ni urithi, hakuna fomu.

Nilikaa kwa wiki chache katika jimbo la Hwange, mgeni wa padre niliyesoma naye. Jimbo lile lilianza kama eneo la kitume mwaka 1953 chini ya wamisionari Wahispania wa Burgos, likawa jimbo kamili mwaka 1963. Nitawasifu wamisionari wale kwa jambo moja ambalo sisi huku tumelifanya nusu nusu: walijifunza lugha za watu wadogo. Wengine walijifunza Kitonga, wengine Kinambya, wakaandika kamusi, wakasali nazo. Jioni moja nilikaa na mzee mmoja wa parokia, mchimbaji mstaafu kwa upande wa baba na Mnambya kwa upande wa mama, kama alivyojieleza. Nilimwuliza anajisikiaje kuona jina la mababu wa mama yake limeandikwa kila mahali, kwenye mabasi, kwenye minara ya umeme, kwenye lango la hifadhi. Alifikiri sana. Akasema kwamba jina ni kama ng'ombe aliyeibwa: unamwona amenona katika zizi la mwingine, unafurahi kwamba yuko hai.

Sisi wa Songea tunaweza kumwelewa mzee yule. Mji wetu unaitwa kwa jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Tunalitaja jina lake tukipanda basi, tukinunua tiketi, tukipeana anuani. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikuja hapa akaomba msamaha, na habari ya fuvu la mzee wetu bado haijafika mwisho. Huku waliomwua walikuwa wageni wa ng'ambo ya bahari. Hwange Lusumbami aliuawa na Waafrika wenzake, ndugu wa damu wa babu zangu, na sijasikia nani alikwenda kuomba msamaha.

Neno juu ya lugha, kwa sababu lugha ndiyo hati ya pili baada ya kaburi. Mwaka 1931 mtaalamu Clement Doke alitoa taarifa yake juu ya kuunganisha lahaja za Kishona ziwe lugha moja ya kuandikwa. Kinambya na Kikalanga aliviona kuwa tawi la magharibi la jamii hiyo, lakini tawi hilo likaachwa nje ya lugha iliyoundwa, kwa kuwa lilikuwa upande wa Wandebele. Hivyo mtoto wa Kinambya alisoma kwa Kindebele. Kwa Kishona hakuingizwa, kwa lugha yake hakufundishwa, akafundishwa kwa lugha ya waliomwua Lusumbami, na mwalimu wake wala hakujua. Uhuru ulipokuja mwaka 1980 wengi walitegemea mabadiliko. Sheria ya Elimu ya mwaka 1987 ilitaja Kishona, Kindebele na Kiingereza, na nyingine zote zikaachwa kwa hiari ya waziri.

Wala wakati ule haukuwa wa kudai mambo kwa sauti. Kati ya mwaka 1983 na 1987 watu wa Matabeleland na Midlands walipatwa na mateso ya Gukurahundi, na taarifa kamili ya mateso hayo haikutolewa na serikali. Ilitolewa mwaka 1997 na Tume ya Haki na Amani ya Kanisa Katoliki la huko, pamoja na wanasheria walioshirikiana nayo. Nataja hili ili mjue kwamba tume kama hizi zetu, zenye meza moja na daftari, zimewahi kuandika jambo ambalo taifa zima lilikatazwa kulisema. Waliandika majina, vijiji na tarehe. Ndiyo maana kila semina nawasumbua juu ya tarehe.

Wanambya hawakunyamaza. Pamoja na Watonga, Wakalanga, Wavenda na wengine wenye lugha zilizoachwa, walidai kwa miaka mingi, kwa barua, kwa mikutano, kwa kwenda ofisi moja mpaka nyingine. Katiba ya mwaka 2013, kifungu cha 6, imetaja lugha 16 kuwa lugha rasmi za Zimbabwe, na Kinambya kimo. Sheria ikishatamka, bado vitabu vinatakiwa, na walimu wanatakiwa. Lakini kutajwa ni kitu. Mtu aliyekuwa hayumo katika mstari hata mmoja sasa yumo.

Nimalizie na makaa, maana hayajaisha.

Ujerumani na Uingereza zinafunga migodi yake. Hwange inafungua mingine. Kituo cha umeme kilichoanza kufanya kazi mwaka 1983 kiliongezewa mitambo miwili mwaka 2023, megawati 600, kwa mkopo na ujenzi wa Wachina. Nchi ina kiu ya umeme, nami sitawadharau wanaoutaka, maana parokia yangu nayo hukaa gizani. Ila makaa yanatoka mahali fulani. Kuanzia mwaka 2019 wakazi wa Dinde, mashariki ya mji wa Hwange, Wanambya na Watonga, walianza kuona watu wakija kupima ardhi yao. Baadaye mitambo ya kuchoronga ikaja. Wananchi walipinga. Walisema juu ya mashamba na mto, na walisema juu ya makaburi. Wakati huo huo, mwaka 2020, iligunduliwa kwamba leseni za kutafuta makaa zilitolewa hata ndani ya hifadhi. Kelele zikapigwa, wanasheria wa mazingira wakaenda mahakamani, na mwezi Septemba mwaka ule baraza la mawaziri likatangaza kupiga marufuku uchimbaji katika hifadhi za taifa.

Mmeliona? Tembo walipata tangazo la baraza la mawaziri kwa wiki chache. Nafurahi kwa ajili ya tembo. Watu wa Dinde, ambao wako nje ya hifadhi kwa sababu hifadhi iliwakuta babu zao na kuwatoa, hawakuingia katika tangazo lile. Kisheria madini yote ni ya Rais, kama zamani yalivyokuwa ya kampuni mpaka serikali ya walowezi ilipoyanunua mwaka 1933 kwa pauni milioni mbili. Ardhi ya jumuiya nayo imewekwa chini ya Rais tangu sheria ya mwaka 1982. Mwenye kijiji ana haki ya kukaa na kulima. Anapokuja mtu mwenye karatasi, wa kwanza kuitwa ni chifu, aulizwe kama anakubali. Na chifu yule ndiye nilieleza: mguu mmoja makaburini, mguu mwingine kwenye orodha ya mishahara. Akikataa, atasikika kama mpinzani wa maendeleo. Akikubali, atawaeleza nini wale waliolala? Wako waliosimama na watu wao, na wako walionyamaza. Sitawahukumu kutoka hapa Songea kwa kusoma magazeti.

Yule mzee aliyeuliza swali semina iliyopita, namwona amekaa karibu na mlango. Mzee, nilichokiona kwa Wanambya ni hiki: walipokwenda kudai, hawakwenda na kaburi tu. Walikwenda na jina la aliyezikwa, jina la aliyemzika, kuta alizojenga, lugha aliyosema, na mwaka waliotolewa. Wamishonari walikuwa wameandika sehemu, maofisa wa kikoloni wameandika sehemu bila kujua wanamwandikia nani, na wazee walikuwa wamesimulia sehemu iliyobaki. Kazi ya kikundi cha alasiri ni kila parokia kuchukua kitongoji kimoja na kuanza orodha hiyo. Daftari ziko kwa sista mezani, kalamu leteni wenyewe.

Hapo nakomea. Mwenyekiti ananionyesha kwamba mikono mitatu imeinuliwa tangu nilipomtaja Zwangendaba. Tuanze na hao.